Kuchaguliwa na Mungu na Hiari ya Mtu

Somo kwa wazee wa Kanisa, walimu, na Wakristo wote

Someni kwanza: Warumi 9:10–16, Matendo 27:21–37, Wafilipi 2:12–13.



Katika nchi ya Wasukuma mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto awafuataye huitwa Shija. Azaliwaye wakati wa mvua huweza kuitwa Mabula. Basi jina lamngoja mtoto kabla hajatoka tumboni mwa mamaye. Na wako wengi, katika Bariadi na Maswa, Itilima, Meatu na Busega, wasadikio kwamba mambo mengine yote yamngoja mtu vivyo hivyo: ndoa yake, ng'ombe zake, ugonjwa wake, na siku ya kufa kwake. Mtu akifa, twasikia matangani, "Siku zake zilikuwa zimefika." Pamba ikiharibika shambani, twasikia, "Ndivyo alivyopanga Mungu." Watu wa pwani nao wana mithali yao: Jitihadi haiondoi kudura.

Hata Biblia ina mapacha wake, yaani Esau na Yakobo. Mtume Paulo afundisha ya kuwa Mungu alimchagua mdogo kabla hawajazaliwa, wala hawajatenda neno jema wala baya. Mkristo asomapo hayo huuliza moyoni: "Kama Mungu amekwisha kuchagua, mimi nina kazi gani? Nikiwa nimechaguliwa, nitaokoka hata nikiishi katika ulevi. Nikiwa sikuchaguliwa, kusali kwangu ni bure." Swali hili si mchezo wa wenye elimu. Mmoja hulifanya kuwa mto wa kulalia usingizi wa dhambi. Mwingine hulifanya kuwa jiwe shingoni mwake, akazama. Kwa hiyo na tulitazame kwa utaratibu.

1. Mambo yaliyo chini yetu

Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530, lafundisha katika sehemu ya 18 kwamba mtu ana hiari kwa kiasi katika mambo ya maisha haya. Aweza kulima au kulala. Aweza kuoa au kutooa, kununua ng'ombe au kuuza, kuiba au kuuzuia mkono wake. Katika mambo hayo Mungu ametupa akili na nguvu, naye atatudai hesabu.

Utazameni Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa huu ulioundwa mwaka 2012. Wakati wa kiangazi watu huchimba katika mchanga wake, wakapata maji. Maji yale hayakuwekwa na mchimbaji. Ni Mungu aliyeleta mvua. Lakini yeye akaaye ukingoni na kusema, "Mungu akitaka ninywe, nitakunywa," atarudi nyumbani na mtungi mtupu, wala asimlaumu Mungu.

Basi tuseme mtoto ana homa kali, na zahanati iko mwendo wa saa mbili. Mama asema, "Kama siku zake zimefika, hata dawa haitafaa," akabaki nyumbani. Mama huyu adhani ameheshimu amri ya Mungu. La, ameiacha amri aliyopewa, apate kushika shauri ambalo hakuonyeshwa. Siku za mtoto zimo mkononi mwa Mungu, ni kweli. Lakini Mungu hakumwonyesha mama hesabu ya siku hizo. Alimwonyesha mtoto mgonjwa na njia ya zahanati.

Tena liko neno lililo zito kuliko hilo. Sote twajua ya kuwa katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yale yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Mtu amefiwa, aenda kwa mfumu, kuku apasuliwa, msiba wapata mwenyewe, na panga lafuata. Baadaye mwuaji hujitetea: "Nilisukumwa. Ilikuwa imeandikwa." Ndugu, katika amri za Mungu imeandikwa, Usiue. Hakusukumwa na Mungu aliyekataza. Mguu ulikwenda kwa mfumu kwa hiari yake, na mkono ulishika panga kwa hiari yake. Damu ya yule bibi yaulizwa kwake.

Katika Matendo 27 twaona jinsi ahadi ya Mungu na kazi ya mtu zinavyokaa katika chombo kimoja. Watu 276 walikuwa katika dhoruba. Malaika alimwahidi Paulo kwamba hata mmoja wao hatapotea. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alimwambia akida ya kuwa watu hao wasipokaa chomboni, yeye na askari wake hawataweza kuokoka. Na askari wakazikata kamba za mashua. Paulo hakusema, "Mungu ameahidi, basi acheni waende." Kwa kuwa aliiamini ahadi, alikesha, tena akawashurutisha wale chakula. Mungu aliyeweka mwisho wa safari aliweka na njia ya kufikia mwisho huo.

2. Mambo yaliyo juu yetu

Lakini sasa tujihadhari. Mtu asiuchukue mfano wa mchimba maji akasema, "Kumbe na wokovu ni hivyo: Mungu ameweka maji, nami nachimba kwa nguvu zangu." Hapo ndipo mafundisho yagawanyikapo. Mchimbaji ana mikono na kiu, lakini mwenye dhambi hana hata kiu ya kumtaka Mungu mpaka Roho Mtakatifu amtie kiu hiyo.

Shauri hili ni la zamani. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alishindana na Pelagio. Pelagio alifundisha kwamba mtu aweza kuchagua mema kwa nguvu alizoumbwa nazo. Augustino alijibu kwamba nia ya mtu aliyeanguka imefungwa, na neema ndiyo iifunguayo. Mwaka 418 maaskofu waliokutanika Karthago, huko huko Afrika, waliyakataa mafundisho ya Pelagio. Baada ya miaka zaidi ya elfu moja, Erasmus wa Rotterdam aliandika mwaka 1524 kuitetea hiari ya mtu, na mwaka 1525 Luther akamjibu kwa kitabu juu ya utumwa wa nia. Luther hakukana ya kuwa mtu huchagua njia ya kwenda sokoni. Alikana ya kuwa mtu aweza kujigeuza moyo wake mwenyewe.

Mfikirini Lazaro kaburini. Je, alimsaidia Bwana kwa sehemu ndogo? Hakusaidia, maana alikuwa maiti. Lakini alipoitwa, alitoka yeye mwenyewe. Neno la Kristo lilimpa uzima wa kuliitika neno lile lile. Ndivyo imani ilivyo: ni mimi niaminiye, wala si mwingine kwa ajili yangu, lakini kuamini kwangu ni kipawa.

Tena ikumbukeni nchi yenu. Je, ni babu zetu waliovuka bahari kuitafuta Injili? Sivyo. Katika karne ya 19 wamisionari wa CMS walifika Nassa, karibu na Ziwa Victoria, na mwaka 1909 Africa Inland Mission ikaipokea kazi ile. Neno lilikuja kwa watu wasioliita. Ndiyo maana ya Yohana 15:16: si sisi tuliomchagua Yesu kwanza.

3. Mungu hakumwumba mtu apate kumpoteza

Wengine, kama Calvin, walifundisha ya kuwa Mungu tangu milele amewaweka wengine kwa uzima na wengine kwa upotevu. Kanisa letu halifundishi hivyo. Mapatano ya Concordia ya mwaka 1577, katika sehemu ya 11, yatenga mambo mawili. Kujua kwa Mungu kwafika kila mahali, kwa mema na mabaya. Lakini kuchagua kwake ni kwa wokovu tu, katika Kristo, nako ndiko chanzo cha wokovu wetu. Mungu ataka watu wote waokolewe (1 Timotheo 2:4), wala hapendi kufa kwake mwovu (Ezekieli 33:11). Bwana aliulilia Yerusalemu kwa sababu wenyewe hawakutaka (Mathayo 23:37). Basi aokokaye ameokolewa kwa neema tupu. Apoteaye amepotea kwa kosa lake mwenyewe.

Mtaniuliza, "Mambo haya mawili yapatanaje? Mbona Doto aamini na Kulwa akatae, nao walinyonya titi moja?" Neno la Mungu halikutufunulia hilo. Paulo mwenyewe, baada ya kulia kwa ajili ya ndugu zake Israeli, aufunga mlango wa shauri hili kwa kumsifu Mungu ambaye njia zake hazitafutikani (Warumi 11:33–36). Nasi tusimame alipokoma Mtume.

4. Utafute wapi uteule wako?

Wako Wakristo waliomwacha mfumu, lakini hawakuiacha desturi ya kutazamia. Hutazama mavuno yao, afya yao, watoto wao, kama wengine watazamavyo matumbo ya kuku, wapate kujua kama Mungu awapenda. Mvua ikinyesha, wasema, "Nimechaguliwa." Ndama akifa, wasema, "Nimetupwa." Hayo ni kupiga ramli kwa jina la Mungu.

Usiutafute uteule wako katika shauri lililofichwa. Utafute mahali Mungu alipouweka wazi, katika majeraha ya Kristo. Je, ulibatizwa? Hapo Mungu aliliita jina lako. Si lile ulilopewa kwa kuwa mapacha au kwa kuzaliwa wakati wa mvua, bali wewe mwenyewe. Je, ulisogea mezani pa Bwana? Hapo uliambiwa kwamba mwili ule ulitolewa kwa ajili yako. Neno hilo halikutoka tumboni mwa kuku. Na kama moyo wako wakushtaki kwamba labda hukuchaguliwa, kimbilia huko, wala usingoje kwanza upone hofu.

Kisha shika jembe lako. Mpeleke mtoto zahanati. Simama mlangoni pa yule bibi anayenong'onwa kijijini, watu wajue ana ndugu. Timizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, asema Paulo kwa Wafilipi. Mara atoa sababu, kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu. Hakusema "lakini," alisema "kwa maana."

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika mambo gani mtu ana hiari, na katika mambo gani nia yake imefungwa?
2. Kwa nini Paulo aliwazuia mabaharia, hali amekwisha kupewa ahadi?
3. Msibani husemwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Lini neno hili ni imani, na lini ni kificho cha uvivu au cha dhambi?
4. Mtaa wetu utafanya nini mzee akishukiwa uchawi?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote. Amina.