Kanisa la Ribe: Jengo, Makaburi na Watoro

Neno kanisa lina maana mbili katika Kiswahili: nyumba ya ibada, na jumuiya ya waumini. Aghalabu wanaoandika historia ya kanisa fulani hushika maana ya kwanza wakaisahau ya pili. Hutaja siku ya jiwe la msingi, aliyetoa mabati na mahali kengele ilikotoka. Mwanafunzi wa Kimumu, aliyezoea kuona kanisa la mabati likigeuka la mawe baada ya miaka michache, aweza kudhani kuwa hiyo ndiyo historia yenyewe. Ribe, kijiji kilichoko nyuma ya Mombasa katika Kaunti ya Kilifi, panatoa somo tofauti. Hapo ndipo Umethodisti ulipoanzia nchini Kenya.

Chanzo chake ni kitabu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kufungua kituo cha Waanglikana Rabai mwaka 1846, alichapisha kwa Kiingereza masimulizi ya safari zake mwaka 1860. Charles Cheetham, mweka hazina wa misheni za dhehebu moja la Wamethodisti wa Uingereza, alikisoma, akamwomba mzee huyo awaongoze vijana wao. Mwaka 1862 Krapf alirudi Mombasa akiwa na Thomas Wakefield, James Woolner na Waswisi wawili. Kabla ya mwaka kwisha Waswisi walikuwa wameondoka, Woolner alikuwa amerudi kwao kwa maradhi, na Krapf mwenyewe alikuwa njiani kurejea Ulaya. Wakefield alibaki peke yake mpaka alipofika Charles New mwaka 1863.

Tangu hapo historia ya Ribe husomeka kama orodha ya makaburi. Edmund Butterworth alifariki mwaka 1864, muda mfupi baada ya kufika. Rebecca, mkewe Wakefield, alifariki mwaka 1873. New, aliyekuwa amefikia theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alifia njiani mwaka 1875 akitoka Uchagani. Ikumbukwe pia kwamba Ribe haikuwa shabaha ya misheni hiyo. Nia ilikuwa kuwafikia Waoromo, na Wakefield alijishughulisha sana na lugha yao. Kituo cha Golbanti kando ya Mto Tana kilipofunguliwa hatimaye, John Houghton na mkewe Annie waliuawa huko katika shambulio la mwaka 1886.

Makaburi hayo yana majina. Waliolima mashamba na kujaza viti vya kanisa wengi wao hawana, na hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Katika miaka ya 1870 na 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia vituo vya misheni, hasa Rabai na Ribe. Kiswahili kiliwaita watoro, neno ambalo leo humwangukia mwanafunzi asiyehudhuria darasa! Kwa mwenye shamba mtoro alikuwa mali iliyopotea. Kwa misheni alikuwa muumini, lakini pia hatari, kwa maana kumhifadhi kungeweza kuleta vita. Mwaka 1888 mabwana wao walipodai warudishwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliamua kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai. Waliokombolewa katika vituo vyote walikuwa zaidi ya 1,400. Yamkini hakuna ukuta wa kanisa uliolindwa kwa gharama kama hiyo, na bado masimulizi mengi huipita habari hii kwa sentensi moja.

Mwaka 1912 kazi ilipanuka hadi Meru, ambako leo ndiko kwenye nguvu kubwa ya dhehebu hili, na mwaka 1967 Kanisa la Methodisti nchini Kenya lilipata mamlaka yake kutoka Uingereza. Ribe ikabaki kijiji. Karibu yake umo msitu wa Kaya Ribe, makao ya kale ya Waribe, ulioingizwa mwaka 2008 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Kaya hiyo haina kuta wala paa, na wazee wake wanaijua mipaka yake mti kwa mti.