Marejeo ya Msafiri: Uchunguzi Mfupi wa Methali ya Tezi na Omo

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na neno "marejeo" katika kurasa za mwisho za tasnifu, ambako huorodheshwa vitabu vilivyotumiwa. Methali "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" imelihifadhi katika maana yake ya msingi, yaani kurudi. Makala haya yanachunguza kinachomwezesha aliyetoka ughaibuni kutulia tena nyumbani.

Lugha ya Mapokezi

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, nayo ngama ni sehemu ya chini ndani yake, yanakokusanyika maji. Kijuujuu, methali hii yaelekea kudai kwamba kurudi hakuna budi. Hata hivyo, desturi za lugha zinaonyesha kuwa kurudi ni kazi ya pande mbili. Msafiri hupiga hodi. Mwenyeji humjibu karibu. Huulizwa habari za safari, naye hujibu "njema" hata akiwa na mazito, ambayo huyasimulia baadaye.

Kitenzi chenyewe kina mafunzo. Kumrudi mtu ni kumwonya; nguo ikirudi hupungua kimo. Vivyo hivyo, aliyerudi hurudiwa: akichanganya ndimi au kujivunia ya ng'ambo, watani humkosoa, na majivuno yake hupungua hadi akawatoshea tena wenzake.

Mlango Uliofungwa

Je, mlango ukifungwa? Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake yalikuwa sehemu kubwa ya kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka wa 1903 kwa jina la Carl Velten. Mwaka wa 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walipofika Dar es Salaam mwaka wa 1905, utawala wa kikoloni wa Wajerumani uliwakatalia kuingia nchini pamoja. Walirejea Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka wa 1927. Mtu aliyewaandikia walimwengu desturi za kwao hakuruhusiwa kwenda kuziishi. Tena jina lake lamaanisha aliyetoroka, ilhali yeye hakutoroka, alizuiwa.

Hitimisho

Kisa hiki hakiibatilishi methali, bali kinafichua sharti lake: baharia hurudi ngamani iwapo chombo bado ni chake. Ukoloni ulikuwa umekiteka chombo. Kwa hiyo, neno "karibu" lisichukuliwe kuwa adabu tupu. Ndilo linalokamilisha safari. Msafiri huleta miguu yake, wenyeji huleta itikio. Kimoja kikikosekana, aliyefika pwani ya kwao angali ugenini.