Kuona, Kuamua, Kutenda: Somo kutoka Kibanjani

Mafunzo ya kufikiri kazini si ya ofisini tu. Kwetu Kagera yanaanzia kibanjani.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulibainika Muleba, kwa mara ya kwanza Tanzania. Majani yalinyauka, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Mkulima aliyekata mgomba mgonjwa kisha akaingia kwenye mzima kwa panga lile lile, aliusambaza ugonjwa kwa mkono wake. Hakuwa mvivu, alitenda kabla ya kupima.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra (1961), anapendekeza hatua tatu.

Kuona: tukague kila mgomba, tusingoje jirani atuambie.

Kuamua: tuulize chanzo. Ni bakteria, hubebwa na mapanga na wadudu wanaotua kwenye ua dume. Kisha tulinganishe njia. Kung'oa shina zima kunaondoa chakula cha familia. Kukata mgomba mmoja unaougua kunaokoa mingine, ila kunadai ukaguzi wa mara kwa mara.

Kutenda: tuondoe ua dume kwa kijiti chenye panda, na panga tulipitishe motoni.

Mseminari wa Ntungamo, mhasibu wa parokia, muuguzi wa zahanati: kila mmoja ana panga lake. Uamuzi wa haraka huhamisha tatizo, haulimalizi.

Tujiulize: wiki hii tumekata wapi kabla ya kuuliza chanzo?