AFYA YAKO: Nta ya Sikio na Dawa ya Matone

Leo tujifunze habari za nta ya sikio. Nta ni ile taka laini ya rangi ya manjano au kahawia inayotoka sikioni. Watu wengi huona haya ikionekana. Kwa hiyo huichokonoa kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, pini au ufunguo. Kufanya hivyo ni hatari.

Sikio lilivyo

Tundu la sikio ni njia fupi. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 2 na nusu, yaani kama pingili ya mwisho ya kidole gumba. Mwisho wa njia hiyo kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Tunaiita ngoma ya sikio. Sauti ikiingia, ngoma hutikisika, nasi tunasikia. Njiti inaweza kuitoboa ngoma hii kwa urahisi.

Nta hutengenezwa karibu na mlango wa sikio. Kazi yake ni kunasa vumbi na wadudu, na kulinda ngozi isidhurike kwa maji. Tunapotafuna chakula na kuzungumza, nta husogea nje polepole. Hivyo masikio mengi hujisafisha yenyewe. Futa tu ile iliyotoka nje, kwa kitambaa safi.

Mtu anayechokonoa hutoa nta kidogo na kusukuma nyingi ndani. Huko hukauka na kuwa ngumu kama kizibo. Mtu huyo husikia kwa shida. Sikio huwa kama limejaa, na pengine hulia nziii. Mzee akiwa hivyo, watu husema ni uzee. Mtoto akiwa hivyo, mwalimu humwona mkaidi, kumbe hakusikia alichoambiwa.

Kwanza upimwe

Usikimbilie kununua dawa dukani. Nenda zahanati kwanza. Sikio huweza kuziba kwa nta, kwa usaha, au kwa kitu kilichoingia. Kwa nje huwezi kujua. Mganga huangalia ndani kwa taa maalumu.

Sababu kubwa ya kupimwa ni kujua kama ngoma ni nzima. Ikiwa ina tundu, dawa ya kulainisha nta hupita na kuingia ndani zaidi. Huko huleta maumivu na ugonjwa.

Usitie dawa ya nta katika sikio ambalo:
– linatoa usaha, maji au damu;
– linauma;
– liliwahi kutoboka ngoma au kupasuliwa.

Nawaomba pia wazazi wangu: msitie sikioni mafuta ya moto, mafuta ya taa wala maji ya majani. Vitu hivi huunguza na kudhuru.

Soma kabla ya kutia

Sasa unajua kusoma. Kusoma huko kukulinde. Chupa ya dawa ya macho na chupa ya dawa ya masikio hufanana sana. Dawa ya sikio ikitiwa jichoni inaweza kulidhuru jicho. Tena chupa nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Basi usiondoke dirishani bila kumwomba mtoa dawa akuandikie kwa Kiswahili mambo haya: ni dawa ya sikio, sikio gani, matone mangapi, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Umsomee alichoandika. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kutumia dawa.

Jinsi ya kutia matone

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Shika chupa mkononi kwa dakika chache ili ipate joto la mwili. Dawa baridi huleta kizunguzungu. Usiipashe dawa motoni.
3. Mgonjwa alale ubavu, sikio lililoziba likiwa juu.
4. Kwa mtu mzima, vuta sikio taratibu juu na nyuma. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, livute chini na nyuma. Njia ya sikio hunyooka.
5. Dondosha matone uliyoandikiwa. Kwa kawaida mtu mzima huandikiwa matone 2 au 3, mara 3 kwa siku, kwa siku 3 mpaka 5. Mdomo wa chupa usiguse sikio.
6. Mgonjwa abaki amelala kwa dakika 5 mpaka 10.
7. Akiinuka, futa dawa inayotoka nje. Usiingize kitu ndani.
8. Funga chupa na iweke mbali na watoto. Mtu mwingine asiitumie.

Siku za kwanza usishangae sikio likizidi kuziba. Nta inalowana na kuvimba. Baadaye hulainika na kutoka kidogo kidogo. Siku ulizoandikiwa zikiisha na sikio bado limeziba, rudi zahanati. Huenda mganga akaliosha kwa maji ya uvuguvugu na bomba maalumu. Usijaribu kazi hiyo nyumbani.

Acha dawa, nenda zahanati siku hiyo hiyo

Fanya hivyo ukiona maumivu makali, usaha, damu, homa, kizunguzungu kisichoisha, au uvimbe nyuma ya sikio. Pia mtu akiacha kusikia ghafla, asingoje. Hiyo huenda siyo nta.

Ndugu msomaji, msomee somo hili jirani ambaye bado hajajua kusoma. Mwangalie na mtoto wako. Ukimwita kwa nyuma mara kadhaa asigeuke, usimchape. Mpeleke akapimwe masikio.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Nta ina kazi gani sikioni?
2. Kwa nini ni lazima kupimwa kabla ya kutia dawa?
3. Mtoa dawa akuandikie mambo gani?
4. Katika kijiji chenu watu huchokonoa masikio kwa vitu gani? Mtawashaurije?