Askofu Aliyetaka Shule Hata kwa Mabwana

Mara nyingi tumeulizwa na wazazi kwa nini Kanisa tangu kale limejisumbua na shule, vyuo na vitabu. Badala ya kujibu kwa maneno mengi, leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Askofu mmoja wa Uskoti, William Elphinstone wa Aberdeen.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1431. Hakuzaliwa katika ndoa. Baba yake alikuwa mtu wa Kanisa, na jambo hilo hatutalificha. Kwa sheria za siku zile mtoto wa namna hiyo hakuweza kupewa daraja takatifu pasipo ruhusa maalum. Hata shahada yake ya Chuo Kikuu cha Glasgow aliipata mwaka 1462, umri wake ukiwa umepita miaka thelathini. Kisha akavuka bahari kwenda Ufaransa, akasoma sheria za Kanisa huko Paris na sheria za serikali huko Orléans. Aliporudi alikuwa mwamuzi katika mahakama za Kanisa, na mwaka 1483 akahamishiwa jimbo la Aberdeen, upande wa kaskazini-mashariki.

Mwaka 1488 Mfalme James III alimfanya Kansela wake, lakini miezi michache baadaye mfalme aliuawa katika vita na mabwana walioasi, na mwanawe mwenyewe, kijana wa miaka 15, alikuwa upande wa waasi. Askofu alikuwa mtu wa baba. Mtu angedhani kazi yake imekwisha. Lakini yule kijana, ndiye James IV, alimrudisha, na tangu mwaka 1492 Askofu alikuwa mtunza muhuri wa mfalme mpaka kufa kwake.

Katika miaka hiyo ndipo alipotenda makuu. Baba Mtakatifu alielezwa ya kuwa watu wa kaskazini wametengwa na milima na ghuba za bahari, hawana elimu, na hata watu wa kuwafundisha dini hawapatikani kwa urahisi. Basi mwaka 1495 Papa Alexander VI alitoa hati ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Aberdeen. Kikawa cha tatu katika Uskoti, wakati Uingereza, nchi kubwa na tajiri zaidi, ilikuwa na viwili tu. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Hector Boece, aliyeitwa kutoka Paris, na tangu mwanzo kikawa na mwalimu wa utabibu.

Mwaka 1496 bunge likapitisha sheria ambayo wengi huona mkono wa Elphinstone ndani yake. Kila bwana mwenye ardhi na uwezo alitakiwa kumpeleka shule mwanawe mrithi afikapo miaka minane au tisa, akae mpaka ajue Kilatini barabara, kisha asome sheria miaka mitatu. Aliyekaidi alitozwa faini ya pauni 20. Na kwa nini? Kwa sababu mabwana hao ndio waliokuwa mahakimu katika nchi zao. Wakiijua sheria, maskini asingelazimika kusafiri kwa waamuzi wakuu wa mfalme kwa kila dhuluma ndogo. Kwa hiyo mtoto wa tajiri alipelekwa shule ili mtoto wa maskini apate haki yake. Ni kweli, sheria ile haikutaja mabinti, wala watoto wa maskini wenyewe. Twasikitika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Pia alitaka mapadre wake wasali wakiwakumbuka watakatifu wa kwao. Mwaka 1507 mfalme aliwapa Walter Chepman na Androw Myllar wa Edinburgh ruhusa ya kupiga chapa vitabu, na hivyo Uskoti ikapata mtambo wake wa kwanza wa chapa. Humo ilitoka Breviari ya Aberdeen, mwaka 1509 na 1510, yenye habari za watakatifu wa Uskoti zaidi ya sabini. Nakala zilizosalia ni chache mno.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Inasimuliwa ya kuwa alipinga shauri la kupigana na Uingereza kwa ajili ya urafiki na Ufaransa, asisikilizwe. Tarehe 9 Septemba 1513, huko Flodden, mfalme alianguka pamoja na mabwana wengi na Askofu Mkuu wa St Andrews. Kiti cha enzi kikabaki kwa mtoto asiyetimiza miaka miwili. Mzee Elphinstone alipendekezwa ashike kiti cha St Andrews, lakini alifariki Edinburgh tarehe 25 Oktoba 1514, akazikwa katika kanisa la chuo chake.

Alikuwa ameacha fedha za kujenga daraja juu ya mto Dee, ili wasafiri waingie Aberdeen kwa usalama. Kazi ile ilimalizwa na Askofu Gavin Dunbar mwaka 1527. Matao yake saba yangali yamesimama, na watu huvuka juu yake hata leo.