Nguzo ndani ya jino: Nguvu hutoka wapi?

JE, msomaji, umewahi kuambiwa na daktari wa meno kwamba jino lako limebakia kisiki, na kwamba atalitia nguzo kabla ya kulivisha kofia? Wengi huondoka hapo wakiamini kuwa jino sasa lina chuma ndani na halitavunjika tena. Imani hiyo imewapotezea watu meno ambayo yangedumu miaka mingi.

Mimi si daktari wa meno, lakini wagonjwa wenye uvimbe wa ufizi huja kwangu kwanza, nadhani kwa sababu wanaogopa koleo. Mmoja wao, karani wa makamo, alinijia mara tatu katika muda wa miezi michache akiwa na kijipu juu ya jino la mbele lenye kofia. Mara mbili nilimwandikia dawa za kuua viini. Kijipu kilinywea, kisha kikarudi. Mara ya tatu ndipo nilipomwuliza ndani ya jino lile mna nini. Akajibu kwa fahari kidogo: "Daktari, humo mna chuma." Nilipaswa kumwuliza mapema. Daktari wa meno alipolichunguza alikuta mzizi umepasuka kutoka juu hadi chini.

Jino likioza hadi ndani, daktari huondoa ile nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, akasafisha mfereji wa mzizi na kuuziba kwa mpira maalum. Kufikia hapo jino limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, kwanza kwa kuoza na kisha kwa kuchimbwa. Ikiwa kilichobaki juu ya ufizi ni kidogo mno, kofia haina pa kushika. Ndipo nguzo, ambayo wengine huiita pini, huingizwa katika mfereji, na kipande chake cha juu kikajengewa kisiki kipya cha kuvishwa kofia.

Kazi ya nguzo ni hiyo tu, kushikilia. Haiutii mzizi nguvu. Badala yake, kila mfereji unapopanuliwa ili nguzo nene ipate kuingia, kuta za mzizi huzidi kuwa nyembamba, na ni kuta hizo zinazobeba mzigo wa kutafuna.

Umewahi kupasua kuni kwa kabari? Kabari haivunjiki, gogo ndilo hupasuka. Chuma cha pua ni kigumu kupinda takriban mara kumi kuliko dentini, yaani ile sehemu inayofanya mwili wa jino. Unapouma, dentini hujipinda kidogo sana, lakini chuma hakikubali, na nguvu hurundikana mahali pamoja ndani ya mzizi. Nguzo za kukazwa kama parafujo ni mbaya zaidi, kwa maana huubana mzizi hata kabla hujauma kitu.

Mtindo huu ni wa kale. Pierre Fauchard, daktari wa meno wa Ufaransa, alieleza nguzo za dhahabu na fedha katika kitabu chake cha 1728. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nguzo ngumu zaidi ndiyo bora zaidi. Mnamo 1990, huko huko Ufaransa, zilitokea nguzo za nyuzi za kaboni, nyeusi kama makaa, na baadaye zikaja za nyuzi za glasi ambazo hazionekani chini ya kofia. Hizi hugandishwa kwa gundi maalum, na kujipinda kwake kunakaribia kule kwa dentini. Nazo hushindwa pia, lakini mara nyingi hubanduka au huvunjika zenyewe na kuuacha mzizi salama, kwa hivyo kazi inaweza kurudiwa. Mzizi wa jino la mbele ukipasuka wima, dawa yake kwa kawaida ni kung'oa.

Hata hivyo, aina ya nguzo si jambo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni ukanda wa jino zima uliobaki juu ya ufizi. Ukiwa na kimo cha milimita 2 hivi kuzunguka jino lote, kofia huukumbatia kama pete ya chuma inavyofunga pipa la mbao. Ukanda huo usipokuwepo, nguzo ya bei ghali haitakusaidia sana. Kwa hiyo mwulize daktari wako: jino zima limebaki kiasi gani? Je, nguzo inahitajika kweli? Magego mengi hayaihitaji, kwa kuwa chumba chao cha ndani kina pa kushika.

Ikiwa tayari una jino la namna hii, usifungulie soda kwa meno wala usimenyee miwa kwalo. Maumivu unapouma, kijipu kinachorudi mahali pale pale, au kofia inayolegea ni sababu ya kwenda kupigwa picha ya eksirei, hata kama dawa zimetuliza uvimbe. Na kofia ikitoka, iweke katika chombo safi uende nayo kwa daktari mapema, kabla mate na viini havijaingia ndani ya mfereji. Gundi ya dukani usiitumie kamwe.