Njegere za majira ya baridi: chakula cha udongo



Mahindi umeshavuna, mchicha umezaa mbegu, na bustani ya nyuma ya nyumba imebaki wazi. Hapa Fairfield majira ya baridi huanza Juni na kwisha Agosti, na wengi wetu huuacha udongo ukae bure hadi Septemba. Mwaka huu usiuache. Panda njegere, ambazo wengine wetu huziita minji au amashaza. Ila safari hii hupandi kwa ajili ya sufuria. Unapanda ili udongo nao ule.

Kwa nini njegere?

Udongo wa sehemu nyingi za huku ni wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unanata kwenye viatu. Jua likiwaka unakauka na kupasuka. Njegere huusaidia kwa njia tatu. Majani yake hufunika ardhi, hivyo magugu hukosa nafasi. Mizizi yake hufungua njia za maji na hewa. Tena kwenye mizizi hiyo huota vinundu vidogo, ambamo bakteria huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuilisha mimea. Naitrojeni hiyo ndiyo unayoilipia dukani ukinunua mfuko wa mbolea. Kunde na maharage hufanya kazi hiyohiyo, lakini hayawezi baridi ya huku. Njegere zinaiweza.

Jinsi ya kupanda

1. Panda Aprili au Mei, wakati udongo bado una joto kidogo.
2. Palilia, kisha chora mistari yenye kina cha sentimita 3 hadi 5. Acha sentimita 20 kati ya mistari, na sentimita 5 kati ya mbegu.
3. Fukia na umwagilie. Usizidishe maji, maana mbegu huoza kwenye mfinyanzi uliolowa.
4. Kama ndege wanafukua, tandaza wavu mpaka miche isimame.

Soma pakiti vizuri. Tafuta iliyoandikwa "field pea" au "garden pea". Ile ya "sweet pea" ni ua la mapambo, na mbegu zake ni sumu. Vilevile, mbegu za kupanda zilizopakwa dawa haziliwi. Ziweke mbali na watoto.

Siku ya kukata

Hapa ndipo penye mtihani. Njegere zinapoanza kutoa maua, zikate zote kabla maganda hayajajaa. Najua inauma. Aliyewahi kupanga foleni ya mgao hakati chakula shambani kwa moyo mweupe. Lakini maganda yakijaa, naitrojeni huhamia kwenye punje, na ukizivuna umeiondoa bustanini. Kama moyo unakataa, acha mstari mmoja wa garden pea ambazo mbegu zake hazikupakwa dawa, uvune punje zake. Hata ncha zake changa huliwa, ukizipika kama majani ya kunde.

Zilizobaki zikate karibu na ardhi na uiache mizizi humo humo. Katakata majani na mashina, yachanganye na udongo wa juu au yatandaze tu. Subiri wiki 3 hadi 4 yaoze. Ukikata Agosti, mwishoni mwa Septemba unaweza kupanda mchicha, na joto likizidi ukaendelea na mahindi na maboga.

Kama nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kuchimba.

Zoezi la nyumbani

Mimea ikikaribia kutoa maua, chimbua mmoja taratibu pamoja na watoto. Kata kinundu kimoja kwa kucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wako kazini. Usipoona vinundu vyovyote, huenda udongo wako hauna bakteria hao. Msimu ujao uliza kwa wauza mbegu unga wa bakteria wa njegere, uchanganye na mbegu kabla ya kupanda.

Tunawatakia kilimo chema.